Plazma ya Kazi za Nyumbani: Pima Umeme na Upepo Kabla ya Kwenda Kariakoo

Tangu nguzo za umeme wa REA ziingie vijijini, mashine ya kuchomelea na grenda si vitu vya ajabu tena katika kata ya Kurui, wala katika kata nyingine za Kisarawe na Kibaha. Mwenye nyumba anajitengenezea geti, jukwaa la tenki la maji, tela la kubebea mihogo au karai la kukaangia korosho, na jirani naye anamletea toroli lililokatika mguu. Mtu wa namna hiyo haishi kwa ufundi, ila anaupenda na unamwokolea hela. Ndiye anayeuliza siku hizi: je, nami ninunue plazma, ile mashine ya kukatia chuma?

Swali lake lina msingi, maana bei zimeshuka. Mashine iliyokuwa ya viwanda na gereji kubwa sasa inauzwa katika maduka ya Kariakoo na Gerezani ikiwa boksi lenye mpini, la kilo kumi hivi, ambalo unaweza kulipakia kwenye bodaboda. Muuzaji atakuonyesha bati linavyokatwa kama anachora mstari, nawe utatamani kutoa hela papo hapo.

Usitoe kwanza. Boksi lile linategemea vitu viwili ambavyo havimo ndani yake: umeme wa kutosha na upepo mkavu wa kompresa. Anayenunua kwa kuangalia bei ya boksi peke yake hujikuta baadaye anatafuta kompresa, waya mnene, breka, chujio la maji na vipuri vya tochi, na hesabu yote ikijumlishwa huzidi bei ya mashine yenyewe. Kwa hiyo uchaguzi wa plazma ya bei nafuu unaanzia nyumbani kwako, kwenye soketi ya ukutani, na dukani ndiko unakomalizia.

Inafanya nini ambacho grenda haifanyi

Plazma hukata kwa kupitisha umeme ndani ya upepo. Upepo wa kompresa hubanwa upite kwenye tundu dogo la nozo, kisha umeme hurukia humo na kuupasha moto hadi zaidi ya nyuzi 20,000 za Selsiasi. Chuma kilicho mbele ya tundu huyeyuka, na upepo uleule huupuliza ute huo utokee upande wa pili. Robert Gage wa kampuni ya Union Carbide nchini Marekani alipewa hataza ya tochi ya aina hiyo mwaka 1957. Kwa muda mrefu mashine zake zilikuwa kubwa na ghali, zikitumia gesi za mitungi. Mambo mawili ndiyo yaliyoifikisha kwa mtu wa kawaida: matumizi ya hewa hii tunayoivuta, na teknolojia ya inveta iliyopunguza uzito wa mashine.

Faida yake kubwa ni kwamba inakata kila metali inayopitisha umeme: chuma cha kawaida, chuma cha pua, alumini, shaba. Mitungi ya oksijeni na asetilini hukata chuma cha kawaida hata kikiwa kinene sana, lakini haifui dafu mbele ya alumini na chuma cha pua. Plazma pia hukata mduara, kona za ndani, herufi na maua bila shida, na bati jembamba halipindi sana kwa sababu joto halikai mahali pamoja.

Sasa jiulize kazi zako ni zipi. Kama unachokata ni skwea paipu, engo na nondo kwa mstari ulionyooka, grenda yenye diski nyembamba inatosha kabisa, na mkato wake ni safi kuliko wa plazma ya mkononi. Madirisha na mageti ya kawaida hayadai plazma. Inaanza kukulipa pale unapokata mabamba: kutoboa matundu makubwa, kukata mviringo wa jiko au karai, kutengeneza mabano ya tela, kuchonga maua ya geti, kubomoa bodi la gari chakavu. Kazi hizo kwa grenda ni diski nyingi, muda mwingi na mikono kufa ganzi.

Kama kazi ya mabamba inakujia mara mbili kwa mwaka, usinunue chochote. Chora vipimo, peleka karakana ya Kibaha au Dar es Salaam yenye plazma, ukate vyote kwa siku moja, urudi navyo kuchomelea nyumbani. Kama inakujia kila mwezi, endelea kusoma.

Soketi yako inabeba kiasi gani?

Mashine ndogo zinauzwa kwa majina ya ampea: CUT40, CUT50 na kadhalika. Namba hiyo ni ampea zinazotoka kwenye tochi, si zinazoingia kutoka ukutani, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Kwa viwango vya kimataifa vya mashine hizi, tochi ya ampea 40 inapimwa ikifanya kazi kwa volti 96. Zidisha: ni kilowati 3.8 zinazotoka. Ongeza upotevu wa ndani ya mashine, utakuta inavuta kilowati 4.5 hivi kutoka TANESCO. Kwa umeme wa volti 230 hiyo ni ampea 20 kwa mashine iliyotengenezwa vizuri, na kwa mashine za bei ya chini, ambazo hazivuti umeme kwa utulivu, inakaribia ampea 28.

Soketi ya kawaida ya nyumbani ni ya ampea 13. Ukichomeka CUT40 hapo na kuiweka mwisho, fyuzi ya plagi itakatika, au plagi itayeyuka kabla ya fyuzi. Wenye umeme wa UMETA, ule ubao wa umeme tayari uliofungwa nyumba ndogo zisizo na waya ukutani, wasijaribu kabisa.

Njia za halali ni mbili. Ya kwanza ni kumwita fundi umeme mwenye leseni akuvutie laini ya peke yake kutoka kwenye ubao wa breka: waya wa mili 6, breka ya ampea 32, na soketi ya viwandani ya ampea 32. Waya wa ardhini uwepo na upimwe, usiwe wa kuonyesha tu. Ya pili ni kukubali kufanya kazi kwa ampea za chini. Ukiishusha mashine hadi ampea 20, inavuta kiasi kinachokaribia ampea 13 hizo za soketi, na bado itakata bamba la mili 3. Skwea paipu ya geji 16 ina unene wa takriban mili 1.5 tu. Kazi nyingi za nyumbani zimo humo humo.

Jambo la pili ni nguvu ya umeme inayokufikia. Nyumba zilizo mbali na transfoma huona taa zikififia saa za jioni, au mashine ya kusaga inapowashwa. Chukua multimita, pima volti asubuhi, mchana na jioni, huku umewasha pasi au birika. Ukipata chini ya volti 200, mashine nyingi za bei nafuu zitagoma, au zitakata kwa kusuasua huku zikichemka. Afadhali kulijua hilo kwa multimita ya bei ndogo kuliko kwa mashine iliyoungua. Pengine dawa yake ni kupanga muda tu: kata mchana wakati watu wako shambani, si saa mbili usiku.

Waya wa kurefusha nao unakula volti. Waya wa mili 2.5 wenye urefu wa mita 50, ukipitisha ampea 25, hupoteza volti zipatazo 18 njiani. Ukianza na 210, mashine inabaki na 192. Waya wa mili 6 kwa urefu huohuo hupoteza volti 8 hivi. Na usiuwashe ukiwa umekunjwa kwenye gurudumu lake, maana utajichemsha wenyewe.

Gharama ya umeme, kwa upande mwingine, isikutishe. Kukata mita kumi za bamba la mili 6 ni kazi ya robo saa hivi. Ukijumlisha na kompresa, unatumia uniti moja na nusu au pungufu. Kwa bei ya kundi la T1, la watumiaji wa kawaida, iliyoanza mwaka 2016, shilingi 292 kwa uniti, ambayo ikiongezwa kodi na tozo inafika kama 356, kazi nzima haizidi shilingi 600. Aliye kundi la D1, la wanaotumia chini ya uniti 75 kwa mwezi, ndiye wa kuangalia: miezi michache ya kazi nzito inaweza kumtoa kwenye kundi hilo la bei nafuu.

Jenereta? Zile ndogo za kilowati 2 za kuwashia taa na friji hazifai. Mashine ya ampea 40 inataka jenereta ya kVA 7 au 8, na ya kuaminika. Bei yake na mafuta yake vitakula faida yote.

Upepo mwingi, na uwe mkavu

Mashine ya ampea 40 hutumia kati ya lita 100 na 170 za hewa kwa dakika, kwa mgandamizo wa PSI 65 hadi 75. Kompresa ndogo ya lita 24 ya kujazia upepo matairi haifui dafu hapo. Inayofaa ni ya nguvu farasi 2 yenye tenki la lita 50, na hiyo nayo kwa mikato mifupi.

Hesabu yake ni hii. Tenki la lita 50 likishuka kutoka PSI 115 hadi 70 linakuwa limetoa lita 150 za hewa. Tuseme tochi inakula lita 150 kwa dakika na pampu inarudisha 120. Pengo ni lita 30 kwa dakika, kwa hiyo una dakika tano kabla ya mgandamizo kushuka mno. Kwa mtu wa kazi za hapa na pale, dakika tano za kukata mfululizo ni nyingi. Ila chunga namba ya kwenye kibandiko cha kompresa: mara nyingi ni ya hewa inayovutwa ndani. Inayotoka huwa kama theluthi mbili yake. Ikiandikwa lita 200, hesabia 130.

Kabla ya kununua kompresa mpya, angalia jirani zako. Fundi pancha na fundi wa kupaka rangi magari wanayo tayari. Kukodi kwa nusu siku, au kupeleka plazma yako kwake siku ya kazi, kunaweza kukupunguzia nusu ya gharama za kuanzia. Sharti ni moja: umwage maji ya tenki lake kwanza.

Maji ndiyo adui mkuu wa plazma katika ukanda huu wa Pwani. Hewa yetu ina unyevu mwingi, na kompresa inapoibana, unyevu ule hugeuka maji chini ya tenki. Yakifika kwenye tochi, mwali unaanza kukohoa, mkato unaparuza, na elektrodi iliyopaswa kukaa siku kadhaa inaisha kwa saa moja. Wengi hulaumu mashine, kumbe kosa ni la upepo.

Dawa ni ya hatua tatu. Fungua koki ya chini ya tenki kila unapoanza na kila unapomaliza kazi. Weka chujio la maji lenye regyuleta, lakini usilibane kwenye kompresa yenyewe: pale hewa bado ina moto na maji yanapita yakiwa mvuke. Liweke upande wa plazma, baada ya mpira wa hewa wa mita tano hadi kumi, ambapo hewa imepoa na maji yameshakuwa matone. Tatu, jaribu. Mashine nyingi zina swichi ya kupima upepo bila umeme wa kukatia. Iwashe, elekeza tochi kwenye karatasi nyeupe kwa nusu dakika. Karatasi ikibaki kavu na safi, anza kazi. Ikitoka madoa ya maji au mafuta, usibonyeze kitufe.

Zipo mashine zenye kompresa ndani yake, kama Powermax30 AIR ya Hypertherm, na zipo za Kichina za mtindo huo kwa bei ya chini zaidi. Zinafaa kwa anayekata mabati na mabamba membamba na asiye na nafasi ya kompresa. Lakini kipande kidogo cha pampu hakiwezi kutoa upepo wa kukatia chuma kinene, na kikiharibika kimoja, vyote vimelala.

Soma kibao cha mgongoni, achana na boksi

Boksi litaandika kwa herufi kubwa: "hukata mili 16". Geuza mashine, usome kibao cha chuma au kibandiko kilicho mgongoni. Pale ndipo penye habari. Chukulia umekutana na maandishi haya: U1 230V, I1max 28A, I1eff 21.7A, U0 280V, na chini yake X 60% kwa 40A, X 100% kwa 31A.

U1 ni volti za kuingia. Ziwe 220 au 230, kwa hertz 50. I1max ni ampea nyingi kabisa itakazovuta ukutani, na I1eff ndiyo namba ya kumpa fundi umeme achague waya na breka. U0 ni volti zinazokaa kwenye tochi kabla haijakata. Tutairudia kwenye usalama. X ni muda wa kufanya kazi katika kila dakika kumi: kwa ampea 40 unakata dakika sita, unapumzisha nne. Kwa ampea 31 unakata bila kusimama. Kipimo hicho kifanyike katika joto la nyuzi 40. Kibao kikitaja nyuzi 20 au 25, ujue huku kwetu mwezi wa Februari mashine itazima mapema kuliko ilivyoandikwa. Na kibao kisichotaja I1 wala X kabisa, chenye jina na picha ya mwali tu, ni sababu tosha ya kurudisha mashine kwenye rafu.

Kuhusu unene, tumia kipimo cha wastani. Ampea 20 ni kwa mili 3 hadi 4. Ampea 30 zinamudu mili 6. Ampea 40 zinakata vizuri hadi mili 10, na 50 hadi 12. Zile mili 16 za kwenye boksi ni kukikatiza chuma kwa taabu, mkato ukiwa mbaya na wa kwenda polepole, na utatumia grenda kuusafisha. Kwa kazi za nyumbani, mashine ya ampea 40 ndiyo saizi yake. Kuongeza ampea ni kuongeza pia waya, breka na kompresa.

Mashine za tatu kwa moja, zinazokata, kuchomelea kwa fimbo na kuchomelea kwa TIG, kama zile zinazouzwa kwa jina la CT312, zinavutia kwa bei. Upande wa kukata wa CT312 ni ampea 30. Asiye na mashine ya kuchomelea anaweza kuifikiria. Mwenye nayo tayari anunue ya kukata peke yake, maana kadi moja ikiungua ndani ya tatu kwa moja, kazi zote tatu zimekwama.

Ndugu zetu walio nje nao huwa wanatuletea. Mashine ya Oman, Dubai au Uingereza ya volti 230 au 240 inafanya kazi hapa. Ya Marekani ya volti 120 peke yake haifai, na hata Uingereza kuna vifaa vya ujenzi vya volti 110. Mwambie apige picha ya kibao kabla hajalipa.

Mwali wa kuanzia: kipengele cha kulipia zaidi

Ukiwa na hela ya kuongeza, usiinunulie ampea. Inunulie mwali wa kuanzia. Mashine za bei ya chini kabisa, hasa zenye tochi ya PT-31, haziwaki mpaka nozo iguse chuma kitupu. Chuma kikiwa na rangi au kutu, haziwaki, au zinawaka na kuzimika. Tena kule kugusana kunatafuna nozo. Zenye mwali wa kuanzia hujiwashia mwali mdogo ndani ya tochi, nao ukikaribia chuma unarukia wenyewe. Zinakata kupitia rangi, kutu na wavu wa chuma bila kuzima. Kwa mtu anayetegemea chuma chakavu, na ndicho wengi wetu tunachotegemea, tofauti hiyo ni ya kila siku.

Kuitambua dukani ni rahisi. Vaa miwani ya kuchomelea, elekeza tochi hewani mbali na watu, bonyeza kitufe. Ikitoa mwali mdogo unaodumu sekunde kadhaa bila kugusa kitu, ni yenyewe. Ikitoa cheche tu na kunyamaza, si yenyewe, hata muuzaji aape vipi. Bonyeza mara moja tu, maana kila mwali wa hewani unakula vipuri.

Kuna pia mashine zinazowaka kwa cheche za masafa ya juu na zile ambazo elektrodi husukumwa na upepo iachane na nozo. Za aina ya kwanza ni nyingi na rahisi, ila huweza kusumbua redio, televisheni na vifaa vya kompyuta vilivyo karibu. Kama unakatia uani karibu na vyombo vya ndani, pendelea aina ya pili.

Vipuri vya tochi ndivyo matumizi yako ya kudumu. Elektrodi ni kipande cha shaba chenye punje ya hafniamu katikati ya ncha. Punje hiyo ikilika kwenda ndani zaidi ya mili moja au moja na nusu, itoe. Nozo ina tundu dogo la mviringo. Tundu likigeuka yai, mkato unaenda upande. Kabla hujachagua mashine, uliza aina ya tochi, kisha tembea maduka mengine mawili uone kama nozo na elektrodi zake zipo. Tochi zinazopatikana kirahisi, kama PT-31, AG60 na P80, zina afadhali kuliko tochi nzuri isiyo na vipuri. Na kwa kuwa Kurui si mtaa wa pili kutoka Kariakoo, nunua akiba siku hiyohiyo: nozo kumi na elektrodi kumi. Nauli ya kufuata kipuri kimoja inaweza kuzidi bei ya pakiti nzima.

Siku ya kununua

Nenda na kipande chako cha chuma, cha unene unaoukata mara nyingi, chenye kutu yake. Omba kikatwe mbele yako kwa mkono wako mwenyewe. Muuzaji asiye na kompresa ya kujaribia akupeleke kwa mwenye nayo, au uende duka jingine.

Angalia cheche zinazotoka chini ya bamba. Zikielekea nyuma kidogo ya tochi, kwa pembe ndogo, mwendo wako ni mzuri. Zikimwagika wima na tundu kupanuka, unakwenda polepole mno. Zikirudi juu kukurukia, unakimbia au mashine haina nguvu ya unene huo. Ukimaliza, gonga ukingo wa chini. Uchafu ulioganda ukidondoka kwa kugongwa na nyundo ndogo, mkato unakubalika. Ukidai grenda, punguza mwendo na ujaribu tena kabla ya kuilaumu mashine.

Baada ya kuachia kitufe, upepo unapaswa kuendelea kutoka kwa sekunde kadhaa ili kupoza tochi. Usipoendelea, tochi haitadumu. Sikiliza feni, shika waya wa tochi na klampu yake uone kama vimepata moto kupita kiasi. Halafu dai risiti ya EFD iliyoandikwa jina na namba ya mashine, na masharti ya dhamana yaandikwe, yasiwe ya mdomo. Muulize pia fundi wa kuitengeneza yuko wapi.

Usifanye mzaha na usalama

Volti 280 za tochi ni nyingi mno kulinganisha na 60 hadi 80 za mashine ya kuchomelea uliyoizoea. Chomoa plagi, si kuzima swichi tu, kila unapobadili nozo. Vaa viatu vya raba vikavu, usikate ukiwa umesimama kwenye udongo wenye maji, na mvua ikianza, kazi iishe.

Cheche husafiri mita kadhaa. Nyumba na vibanda vya makuti, majani makavu chini ya mikorosho, magunia na mkaa, vyote vinashika moto taratibu bila kuonekana, na moto unakuja kuonekana baada ya nusu saa. Katia mahali palipofagiliwa, uwe na ndoo ya mchanga, na ukimaliza usiondoke mara moja.

Pipa lililowahi kubeba petroli, dizeli, mafuta au dawa usilikate kwa plazma, hata kama limekaa tupu mwaka mzima. Mvuke uliobaki kwenye mikunjo unatosha kulilipua. Mapipa ya aina hiyo yaache.

Mabati ya zinki yakikatwa hutoa moshi mweupe unaoleta homa, kutetemeka na ladha ya chuma mdomoni saa kadhaa baadaye. Kunywa maziwa hakuutoi moshi uliokwisha kuingia mapafuni. Katia nje, simama upande upepo unakotoka, na vaa barakoa ya chujio. Miwani ya jua haikingi macho. Kwa ampea 20 hadi 60 tafuta kioo cha namba 5 hadi 8, pamoja na ngao ya uso na glavu za ngozi. Watoto wanaopenda kutazama wazibiwe kwa bati.

Anayetaka kujifunza kwa utaratibu, VETA ina mafunzo ya uchomeleaji na uundaji vyuma, na SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, ni mahali pa kuulizia ushauri kabla ya kuingiza hela.

Uamuzi

Chukua karatasi, andika mistari minne: unene wa chuma unachokata mara nyingi, volti ulizopima jioni, kompresa utakayoitumia ni ya nani na inatoa lita ngapi, na jumla ya hela uliyonayo. Toa kwanza gharama ya laini ya umeme, chujio, kioo na vipuri vya akiba. Kinachobaki ndicho cha mashine.

Kikitosha, nunua ya ampea 40, yenye mwali wa kuanzia, kibao kinachosomeka na tochi ya vipuri vinavyopatikana. Kikipungua kidogo, shuka hadi ampea 30 lakini usiache mwali wa kuanzia. Kikipungua sana, nunua grenda nzuri na diski za kutosha, na kazi za mabamba uzikusanye uzipeleke karakana kwa mkupuo mmoja. Uweke laini ya umeme mwaka huu, kompresa mwakani, na plazma ije mwisho: laini na kompresa vitakufaa hata kama hukuinunua.